Waliokanyaga Makaa

Gari la polisi lilikuwa limeshaiacha stendi ya Nyakanazi, lakini mawe yalikuwa bado yanalifuata. Moja lilivunja kioo cha nyuma. Jingine lilipita dirishani likampata Koplo Elick begani, naye akatukana kwa Kihaya, akakanyaga mafuta na kujipenyeza kati ya lori la saruji na lori la ng'ombe, huku wapishi wa pembeni wakikumbatia masufuria yao. Nyuma yao moshi mweusi ulikuwa unapanda. Kilichokuwa kinaungua ni kibanda cha kitimoto cha Matiasi Nshimiyimana. Mwenyewe alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya gari, amefungwa pingu, sikio lake la kushoto linaning'inia kwa ngozi.

"Naisikia harufu ya nguruwe wangu," alisema Matiasi.

"Shukuru unaisikia wewe," Elick alimjibu bila kugeuka. "Walitaka sisi tuisikie yako."

Inspekta Jovitha hakucheka. Mkono mmoja ulishika bastola, wa pili ulikandamiza kanga kwenye lile sikio. Alikuwa Msubi wa Biharamulo, mwanamke mkavu wa mwili na maneno, na kazi ya upelelezi alikuwa ameifanya muda mrefu kiasi cha kujua kwamba mtu aliyekamatwa na umati hana thamani kwa yeyote isipokuwa kwa muuaji halisi.

Ilikuwa Jumamosi Kuu. Asubuhi hiyo mama ntilie mmoja, Dafroza, alikutwa nyuma ya jiko lake amekatwakatwa. Shingo ilibaki imeshikilia upande mmoja tu. Miguu haikuwepo. Ilikatwa kwenye vifundo, na aliyeikata aliondoka nayo. Watu wakasema uchawi. Wakatafuta mchawi, wakampata upesi: Matiasi, mchoma nguruwe, mtu wa kuja, ambaye baba yake aliingia nchini na mkumbo wa wakimbizi wa Benaco, na ambaye kila jioni alikaa kwenye benchi la Dafroza kunywa chai. Kwake wakakuta panga lenye damu.

"Mchinja nguruwe asiye na damu kwenye panga mkesha wa Pasaka, huyo ndiye wa kushangaa," Jovitha aliwaambia. Wakamjibu kwa mawe.

Sasa hesabu ilikuwa nyepesi. Akimfikisha Matiasi Biharamulo bila kuwa na jina la mtu mwingine, ama Matiasi atashtakiwa kwa mauaji na kunyongwa, ama watu watavunja mahabusu wasiingojee mahakama.

Simu ikaita. Ni mkuu wake, Afande Nshoma.

"Unaye?"

"Ninaye, afande."

"Amekiri?"

"Hajakiri. Amekatwa sikio."

"Sikio halizuii mdomo. Mlete, andika maelezo, watu wale sikukuu."

Jovitha akakata simu, akainama. "Matiasi. Dafroza alikuwa na ugomvi na nani?"

"Hakuwa na ugomvi. Alikuwa na maneno." Matiasi akameza damu. "Alhamisi Kuu alikuja kibandani kwangu ametoka kanisani. Akakaa, akavua kandambili, akapakata mguu wake, akautazama kwa muda mrefu. Nikamuuliza, dada, umechomwa na mwiba? Akasema, yule Anatoli ni mwongo, na Jumapili nitasimama nimwambie mbele ya kanisa zima."

Elick akapunguza mwendo bila kutaka.

"Anatoli yupi?" Jovitha aliuliza, ingawa alishajua.

"Kwani wako wangapi? Msaidizi wa mheshimiwa."

"Mwongo wa nini?"

"Hakusema. Ila jana, Ijumaa, nilimwona huyo Anatoli amekaa kwa Dafroza na vijana wake wawili. Waliagiza samaki. Samaki wakaletwa, wakapoa, hawakula."

Anatoli Bigirwa alikuwa mtu wa kubeba mkoba wa mbunge, kumwandalia mikutano na kumpangia watu wa kumpigia makofi. Lakini jukwaani alipendwa kuliko bosi wake, kwa sababu alikuwa na hadithi. Miaka ya mwanzo ya elfu mbili, basi lilitekwa na majambazi katika pori la kuelekea Ngara. Anatoli, kwa maneno yake, alikuwa abiria. Alimrukia jambazi mwenye bunduki, akakatwa vidole viwili, akawaokoa wenzake. Kila alipoisimulia aliuinua ule mkono wenye vidole vitatu, akateremka jukwaani akichechemea, na akina mama wakalia. Safari hii uchaguzi ulikuwa unakaribia na ilisemekana mheshimiwa angemtafutia udiwani.

Wapinzani wake ndani ya chama walikuwa na hadithi yao: kwamba Anatoli si mtu wa Nyakisasa hata kidogo, ni mtoto wa kambini Benaco aliyejibandika ukoo wa watu. Hiyo ndiyo habari iliyozunguka kila glasi ya pombe ya ndizi kutoka Rulenge hadi Biharamulo. Jovitha naye aliwaza hivyo hivyo. Mtu anayeweza kupoteza uraia, udiwani na heshima kwa neno la mama ntilie, huyo ana sababu ya kushika panga.

Walipofika njia panda ya Lusahunga, Elick akawasha taa ya kulia, kwenda Biharamulo.

"Nyoosha," alisema Jovitha.

"Afande, huko ni Ngara. Ngara si kwetu."

"Nyoosha, Elick."

Akampigia Nshoma kumwarifu, maana kuingia wilaya ya watu bila kuaga ni kosa. "Nakwenda Nyakisasa kwa mama yake Anatoli Bigirwa. Nataka kujua mtu huyu amezaliwa wapi."

"Unatafuta balaa, mwanamke," alisema Nshoma, akakata.

Nyakahura wakaacha lami, wakashika njia ya vumbi ya Rulenge. Matiasi alipewa maji. Gari likapiga vumbi mpaka migomba ya Nyakisasa ilipoanza kugusa madirisha.

Bibi Consolatha alikuwa uani anapepeta maharage. Jovitha hakuingia kwanza. Alimtuma Elick amlete mwenyekiti wa kitongoji, ili baadaye asije mtu akasema polisi walimtisha mwanamke mzee. Mwenyekiti alikuja na jembe begani, mtu mfupi mwenye kikohozi. Ndipo Jovitha akasogea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na huyo aliyefungwa ana nini sikioni?"

"Ameumizwa."

"Naona ameumizwa, sijawa kipofu." Mama akaingia ndani, akatoka na maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akaanza kumsafisha Matiasi, ambaye Elick alikuwa amemfunga kwenye nguzo ya baraza. Matiasi alimshukuru kwa lugha ya kwao, na kwa kuwa haiko mbali na Kihangaza cha Ngara, mama alimjibu, wakaelewana kama majirani.

"Mama," alisema Jovitha, "Anatoli ni mwanao wa kumzaa?"

Mikono ya mama ikasimama. "Nani kasema si wangu?"

"Watu wanasema."

"Waambie waje wanioneshe mwingine aliyenipasua tumbo. Baba yake yule pale, kaburini. Kondo lake nililifukia kwenye shina la mgomba, kule."

Jovitha akamgeukia mwenyekiti.

"Alizaliwa hapa," alisema mwenyekiti. "Mimi ndiye niliyetumwa kukimbia kumwita mkunga. Mvua ilininyeshea, na chai sikupewa mpaka leo."

"Ulikunywa mbili," alisema mama.

Elick akaegemea gari. "Basi, afande. Tumekuja kuosha sikio."

Jovitha akakaa kwenye kigoda. Uongo alioufuata tangu Lusahunga ulikuwa umekufa mbele yake, na Matiasi alikuwa anamtazama kama mtu anayeangalia mlango ukifungwa. Kama Anatoli ni mwana halali wa Nyakisasa, Dafroza alikuwa na neno gani la kusema kanisani? Na muuaji alitaka nini na miguu?

Akaanza upya, taratibu, kama anavyofanya kazi anapokuwa hana kitu.

"Vile vidole, mama. Alikuja hapa baada ya kukatwa?"

"Alikuja. Redio ilikuwa ndiyo inatangaza habari za basi. Amefunga mkono kwa shati, shati limelowa. Nililia mimi."

"Nani alimleta?"

"Nani amlete? Alikuja kwa miguu kutoka Rulenge. Magari yalikuwa yameacha kutembea, watu wanaogopa pori. Akala, akalala. Kesho yake akapanda mlimani kwa mjomba wake kujificha, maana alisema majambazi wanamtafuta."

"Alipanda mlimani kwa miguu yake?"

"Kwa ya nani?"

Jovitha akasimama polepole.

Alikuwa bado askari mpya basi lile lilipotekwa, na yeye ni mmoja wa waliotumwa kuokota. Ilikuwa kiangazi, na nyasi za pembeni mwa barabara zilikuwa zimechomwa moto siku hiyo hiyo. Majambazi waliweka gogo barabarani. Utingo, kama Jovitha alivyoelewa sasa, alitoa panga chini ya kiti, akamkata mmoja wao aliyekuwa anapanda ngazi, kisha akapigwa risasi ya uso. Abiria wakavuliwa viatu, wakaamriwa kuvuka uwanja wa makaa kuingia porini, wote, wanawake wakiwa na watoto mgongoni. Aliyesita alipigwa risasi. Mzee mmoja alianguka katikati, akaachwa aive. Jovitha aliwakuta waliosalia wametambaa kwa magoti kurudi barabarani, ngozi ya nyayo imebaki nyuma yao kwenye majivu. Hakuna hata mmoja aliyesimama kwa miguu yake kwa miezi. Dafroza alikuwa kati yao, na mpaka anakufa alitembea kwa ubavu wa nyayo, kama mtu anayevuka mawe ya mto.

Na kwenye ngazi za basi, siku ile, Jovitha aliokota vidole viwili. Waliokuwa mbele na kumwona utingo akikata walipigwa risasi, na waliosalia walikuwa wamelala chini ya viti, hawakuona kitu. Polisi walidhani ni vya abiria. Baadaye akatokea kijana wa Nyakisasa mwenye mkono pungufu akasema ni vyangu, na kweli vilikuwa vyake.

"Elick," alisema. "Alhamisi Kuu, padri aliwaosha miguu kina nani?"

Elick alikuwa mtu wa kwaya. "Wanaume kumi na wawili, kama kawaida. Safari hii mheshimiwa aliomba Anatoli awemo, na parokia..." Hakumaliza. Naye alikuwa ameelewa.

"Dafroza alikaa wapi?"

"Benchi la mbele. Kati ya waliotoka kwenye basi, parokiani kwetu alikuwa amebaki yeye tu, na hakuweza kusimama muda mrefu."

"Basi alimwona anavua viatu, anainua mguu juu ya beseni. Nyayo nzima. Wote waliotoka kwenye lile basi wameungua isipokuwa yeye, kwa sababu hakuwa abiria, alikuwa mmoja wa majambazi. Dafroza akamwambia. Labda alimwonesha na za kwake. Mtu wetu akaona zile nyayo ndizo ushahidi, akazichukua."

"Na watu wakadhani uchawi," alisema mwenyekiti.

Beseni la maji ya chumvi lilikuwa bado mikononi mwa mama.

Ndipo gari likasikika. Jovitha hakuhitaji kuuliza limejuaje njia. Habari za safari hii alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, Nshoma.

Lilikuwa pikapu jeupe lenye picha za mheshimiwa milangoni. Akateremka Anatoli, shati la kitenge, mabuti mazuri, anachechemea. Nyuma yake vijana wawili, kila mmoja na panga, hawakujisumbua hata kuyaficha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema mama kwa sauti ndogo.

"Inspekta, umekosa mahabusu mpaka unaleta wauaji kwa mama yangu?"

"Nimekuja kuuliza ulizaliwa wapi."

"Umejibiwa?"

"Nimejibiwa. Wewe ni wa hapa. Vua viatu, Anatoli."

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, kile cha jukwaani. "Tangu lini polisi wanaosha watu miguu? Padri ameshaniosha."

"Najua. Na Dafroza aliona."

Kicheko kikabaki mdomoni, lakini macho yakaondoka. Alimtazama Jovitha, akamtazama mwenyekiti, halafu akatazama barazani alipofungwa Matiasi, akaona njia.

"Mmalizeni yule," aliwaambia vijana. "Ametaka kutoroka, wananchi wamemuua. Kesi imekwisha."

Kijana wa kwanza alikuwa mwepesi. Elick alijitupa mbele yake akiwa bado anafungua kifuko cha bastola, na panga likamwingia juu ya kiwiko mpaka mfupa ukalia. Elick akaanguka bila sauti. Kijana akamruka, akaliinua panga juu ya Matiasi, ambaye hakuwa na pa kukimbilia. Aliinua mikono yake iliyofungwa, panga likagonga mnyororo wa pingu, likateleza, likapasua nguzo. Hakuwahi kuliinua tena. Jovitha alimpiga risasi mbili za kifua, naye akakaa chini kama aliyekaribishwa, mgongo kwenye ukuta, damu ikitoka puani.

Anatoli alimpata Jovitha kwa nyuma. Alimshika nywele, akamgonga uso ukutani mara ya kwanza, mara ya pili, na pua ikavunjika. Bastola ikiwa imebanwa tumboni mwake, Jovitha aliielekeza chini, akafyatua bila kuona. Risasi ilipita gotini kwa Anatoli na kutokea nyuma. Akapiga kelele, akamwachia.

Hapo mama akapiga yowe.

Ni yowe la watu wa pale, la kuita mji wote, na ukilisikia huulizi, unachukua ulichonacho unakuja. Lilipanda juu ya migomba, likajibiwa upande wa pili, likajibiwa bondeni. Kijana wa pili, aliyekuwa amesimama tu na panga lake, amerukiwa na damu ya Elick, akalitupa akakimbilia migombani. Hakufika mbali. Wanaume waliokuwa wanatoka shambani walikutana naye njiani, na kwa kuwa alikuwa mgeni, anakimbia, na ana damu ya Elick kwenye suruali, hawakumuuliza jina. Walimpiga kwa majembe. Jovitha alisikia ile sauti ya jembe likiingia kwenye kitu ambacho si udongo, akapaza sauti waache, hakuna aliyemsikia.

Kisha wakaja uani, majembe yanachuruzika. Jovitha, uso wote damu, alikuwa amesimama juu ya Anatoli, ametanua miguu. Akapiga risasi hewani.

"Huyu ni wangu," alisema. "Atakayemgusa nitamgusa."

"Mnasikia," alisema mwenyekiti akikohoa. "Sogeeni nyuma."

Mama akapita katikati yao. Alipiga magoti penye mguu uliovunjika, akafungua kamba za buti, akalivua. Damu ikamwagika kama maji. Halafu, ingawa mguu wa pili haukuwa na jeraha, akavua na buti la pili. Akauinua ule mguu kwa mikono yake miwili, akapitisha kidole gumba kwenye unyayo, kutoka kisigino mpaka vidoleni. Ulikuwa laini, hauna hata kovu la mwiba.

"Kwa hiyo ulikuja kwa miguu," alisema.

"Mama, nifunge. Damu inaisha."

"Yule mwanamke alikukosea nini?"

"Alikuwa aharibu kila kitu. Mama, nifunge kwanza."

Mama akauweka mguu chini, taratibu, akasimama, akamwambia Jovitha, "Mfunge wewe." Akaingia ndani, akaegesha mlango.

Jovitha akamfunga kwa mkanda wake mwenyewe. Mwenyekiti, aliyekuwa ametumwa kukagua pikapu, alirudi na mfuko wa salfeti uliofungwa kamba ya katani, ameushika mbali na mwili wake. Hakutaka kuufungua. Jovitha akaufungua mbele ya watu wote, kama utaratibu unavyotaka. Ndani, kwenye chumvi ya mawe, mlikuwa na miguu miwili ya mwanamke, nyayo juu, zimekunjamana na kung'aa kama ngozi ya ngoma. Daraja la mto Ruvubu halikuwa mbali. Angewahi kuutupa, kama Nshoma asingempigia simu apite Nyakisasa kwanza.

"Mfungue Matiasi," Jovitha alimwambia Elick, kisha akakumbuka kwamba Elick hana mkono wa kufungulia, akaenda mwenyewe.

Dafroza alizikwa Jumatatu ya Pasaka, na miguu yake. Kijana aliyepigwa risasi alifia barazani kabla gari la Ngara halijafika. Yule wa majembe hakutambuliwa na ndugu kwa siku kadhaa. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kifo chake, maana kila aliyeulizwa alisema alikuwa shamba jingine.

Anatoli Bigirwa alikatwa mguu juu ya goti. Alihukumiwa kunyongwa kwa mauaji ya Dafroza na mpaka sasa anangoja. Kesi ya basi haikufunguliwa. Wenzake wa siku ile hakuwataja.

Mheshimiwa alisema hakuwahi kumjua mtu huyo kwa undani. Alishinda uchaguzi.

Afande Nshoma alihamishiwa mkoa mwingine kwa cheo kile kile. Elick alipoteza mkono wa kulia kuanzia juu ya kiwiko, akastaafishwa. Anafuga kuku Muleba, na anaimba bado.

Matiasi hakulipwa kibanda chake na mtu yeyote. Alihamia Kakonko, akaoa, anauza kitimoto. Hasikii vizuri kushoto.

Jovitha alipewa barua mbili kwa siku moja, moja ya pongezi, nyingine ya onyo kwa kuvuka mpaka wa wilaya. Alihamishwa. Pua ilipona vibaya.

Bibi Consolatha yuko Nyakisasa. Hajaenda gerezani. Maharage huyapanda mwenyewe, na jirani akimuuliza ana watoto wangapi, hubadilisha mazungumzo.